Jinsi ya kubuni programu ya kusaidia maamuzi inayowafaa mwanagenzi na bingwa: mwongozo kamili

Programu ya kusaidia maamuzi humwekea mtu taarifa, pendekezo na sababu zake, kisha yeye ndiye anayeamua na ndiye atakayeulizwa mambo yakienda mrama. Kazi huwa ngumu pale skrini ileile inapofunguliwa na mtu mwenye wiki mbili kazini na mwenzake mwenye miaka ishirini. Ukimfikiria mwanagenzi peke yake, bingwa atachoshwa na maelekezo na kurudi kwenye daftari lake. Ukimfikiria bingwa peke yake, mwanagenzi atajaza visanduku kwa kubahatisha, na programu itamrudishia jibu lenye sura ya kisayansi lililotokana na ubahatishaji wake mwenyewe.

Wengi hukimbilia kuweka "hali ya kawaida" na "hali ya wataalamu", yaani programu mbili ndani ya moja. Mimi siafiki. Mwongozo huu unafuata njia nyingine: kiini kimoja kinachompa kila mtu pendekezo lilelile, kikizungukwa na msaada unaoongezeka au kupungua kulingana na uamuzi ulio mbele yake.

Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: mtoto mwenye kikohozi anayeletwa kituo cha afya. Nimeuchagua kwa sababu tayari upo mfumo wa karatasi unaoifanya kazi hiyo, ule mwongozo wa matibabu ya watoto ulioandaliwa na WHO na UNICEF katika miaka ya 1990. Una rangi tatu: pinki kwa rufaa ya haraka, njano kwa matibabu hapo kituoni, kijani kwa huduma ya nyumbani. Watu wa viwango tofauti kabisa huutumia. Ukiwa unajenga programu ya mikopo, ya kutabiri mafuriko au ya matengenezo ya mitambo, badilisha majina. Hatua ni zilezile.

Hatua ya 1: Andika uamuzi kabla ya kuorodhesha watumiaji

Anza na sentensi moja. Kwa mfano wetu: "Mhudumu anayemwona mtoto wa miezi 2 hadi miaka 5 mwenye kikohozi anaamua, ndani ya dakika chache na bila maabara, kama mtoto apewe rufaa ya haraka, aanzishiwe dawa hapohapo, au arudi nyumbani na ushauri." Humo mna nani anaamua, lini, kwa taarifa zipi, na ana njia ngapi za kufuata. Chini yake andika gharama ya kukosea kila upande. Kumrudisha nyumbani mtoto mgonjwa sana kunaweza kumuua. Kumpa rufaa asiyeihitaji ni safari, foleni na kitanda kilichochukuliwa bure. Tofauti ya gharama hizo mbili ndiyo itakayokuongoza baadaye kupanga mipaka ya tahadhari.

Usipoweza kuiandika sentensi hiyo, unachojenga huenda ni dashibodi ya takwimu. Hakuna ubaya, ila usiiite programu ya kusaidia maamuzi.

Mwaka 1971 Anthony Gorry na Michael Scott Morton waligawa maamuzi katika makundi matatu: yenye utaratibu unaojulikana mwanzo hadi mwisho, yasiyo na utaratibu, na yaliyo katikati. Mgawanyo huo ungali na faida. Sehemu yenye utaratibu kamili, kama kukokotoa dozi kwa uzito wa mtoto, ifanywe na programu yenyewe bila kumsumbua mtu yeyote, awe bingwa au mgeni. Sehemu isiyo na utaratibu, kama kuamua iwapo mama huyu ataweza kumrudisha mtoto kesho, iachiwe mtu, na programu ikumbushe tu kwamba swali lipo. Tofauti za utaalamu huonekana zaidi katika lile kundi la katikati, na huko ndiko nguvu zako nyingi zitakakokwenda.

Hatua ya 2: Pima utaalamu mbele ya uamuzi, usiusome kwenye kitambulisho

"Mtaalamu" ni neno linalobeba mambo matatu yasiyotembea pamoja: kuijua kazi, kuijua programu, na kuwa na mamlaka na muda wa kuamua. Daktari bingwa wa watoto aliyehamia jana anaijua kazi, lakini haijui menyu yako. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii aliyeitumia programu miaka miwili huibofya bila hata kutazama, ila hana ruhusa ya kuagiza baadhi ya dawa. Bingwa wa mifupa akipangiwa zamu ya watoto ni mwanagenzi kwa usiku huo mmoja, na cheo chake kitamzuia kuuliza. Chora jedwali dogo: kila aina ya mtumiaji kwenye mstari, na safu tatu hizo. Utakuta makundi yako ya "wataalamu" na "wasio wataalamu" yanavunjika papo hapo.

Tafiti mbili zinafaa kuwa kichwani mwako hapa. Mwaka 1981 Michelene Chi, Paul Feltovich na Robert Glaser waliwapa watu maswali ya fizikia wayapange kwa makundi. Wanaoanza waliyapanga kwa kilichoonekana juu juu, yenye springi huku, yenye mteremko kule. Waliobobea waliyapanga kwa kanuni inayotatua swali, kama uhifadhi wa nishati. Gary Klein naye, aliyewachunguza makamanda wa zimamoto katika miaka ya 1980, aliona kwamba mara nyingi hawalinganishi machaguo. Wanaitambua hali, wanapata wazo moja, wanalipitisha akilini kuona kama litakwama, kisha wanatenda.

Maana yake kwenye ubunifu ni hii: mwanagenzi anahitaji kuonyeshwa pa kutazama, na bingwa, ambaye tayari ana jibu, anahitaji kuonyeshwa haraka kinachopingana na jibu lake. Jedwali kubwa la kulinganisha machaguo matano halimsaidii yeyote kati yao, ingawa hupendeza sana kwenye kikao cha kuwaonyesha wafadhili.

Ili kuyajua haya, kaa na watu kazini kwa zamu nzima. Usiulize "mngependa programu ifanye nini?", maana watakutajia walichokiona kwenye programu nyingine. Uliza: "Nisimulie kesi ya mwisho iliyokutatiza. Ulianza kushuku lini? Mgeni angepitiwa na nini?" Andika maneno yao kama walivyoyatamka, hayo ndiyo yatakayokuwa majina ya visanduku na vitufe vyako.

Hatua ya 3: Jenga kiini kimoja chenye tabaka

Sharti la kwanza: taarifa zilezile zilete pendekezo lilelile, yeyote aliyeingia. Mhudumu akimpigia simu bingwa kuomba ushauri, wote wawili lazima wawe wanatazama kitu kimoja. Programu ikimwambia huyu "njano" na yule "uwezekano 0.61" kwa mtoto huyohuyo, umewaondolea lugha ya kuzungumzia mgonjwa.

Panga skrini ya jibu kwa tabaka. Mtoto wa miezi 14, anapumua mara 44 kwa dakika, hana dalili ya hatari. Juu kabisa kuwe na hukumu na tendo: "Njano: nimonia. Anza antibiotiki hapa kituoni." Chini yake, ukweli uliotumika: "Anapumua mara 44 kwa dakika. Ana miezi 14. Dalili za hatari: hakuna." Anayefungua zaidi anaona kanuni: "Kwa miezi 12 hadi miaka 5, mara 40 au zaidi ni kupumua haraka. Kwa miezi 2 hadi 12, kiwango ni 50." Tabaka la mwisho lina toleo la mwongozo uliotumika, na nafasi ya kubadilisha taarifa ili kuona jibu litageukaje.

Tabaka mbili za kwanza zionekane na kila mtu, kila mara. Wabunifu hupenda kuficha ukweli uliotumika ili skrini iwe safi. Nadhani hilo ni kosa kubwa kuliko skrini iliyojaa, kwa sababu ni katika mstari huo bingwa hugundua ndani ya sekunde moja kwamba aliyejaza umri alikosea.

Msaada wa mwanagenzi uwekwe pembeni ya kazi, palepale anapoihitaji: picha fupi ya kifua kinachobonyea ndani karibu na swali la kubonyea kwa kifua, si kitabu cha mafunzo kwenye menyu. Uweze pia kuondolewa. Slava Kalyuga na wenzake walionyesha mwaka 2003 kwamba maelekezo yanayomsaidia anayeanza yanaweza kumpunguzia ufanisi anayejua, kwa kuwa analazimika kuyachakata ilhali hayahitaji. Upande wa pili, John Carroll na Caroline Carrithers wa IBM walifunga mwaka 1984 baadhi ya vipengele vya programu ya uandishi ili wanaoanza wasivifikie. Wanagenzi wa toleo hilo walimaliza kazi mapema kuliko waliopewa toleo kamili. Kwa hiyo kufunga kitu kwa muda ni msaada halali, mradi kinachofungwa ni njia za kupotea na si ukweli.

Nani aongeze au apunguze msaada? Mtumiaji mwenyewe, kwa kitufe kinachoonekana, na kwa kila uamuzi peke yake. Usimuulize siku ya kujisajili kama yeye ni mtaalamu. Atakujibu kwa majivuno au kwa woga. Wala usiiache programu ijipange upya yenyewe kwa "kujifunza" tabia zake. Mikono ya mtu hukariri mahali pa vitufe, na kitufe kilichohama usiku humfanya abofye kingine asubuhi.

Hatua ya 4: Itunze fomu ya kuingizia taarifa kuliko kitu kingine

Hapa ndipo programu nyingi hufia, na hapa ndipo tofauti ya utaalamu huleta hasara isiyoonekana. Kanuni zako zinaweza kuwa sahihi kabisa. Kama mwanagenzi amehesabu pumzi kwa sekunde 15 akazidisha kwa nne mtoto akiwa analia, jibu limeshaharibika kabla ya kiini kuanza kufikiri.

Mfano wa kihistoria unasaidia. Tim de Dombal na wenzake wa Leeds, Uingereza, walitangaza mwaka 1972 matokeo ya programu ya kutambua chanzo cha maumivu makali ya tumbo. Kwa wagonjwa 304, kompyuta ilipatia kwa asilimia 91.8, na daktari mwandamizi zaidi katika timu asilimia 79.6. Wengi hukumbuka namba hizo. Cha kuvutia zaidi kilikuja baadaye, majaribio yalipopanuliwa katika hospitali nyingi: sehemu ya mafanikio ilitokana na fomu yenyewe, kwa kuwa iliwalazimisha madaktari wachanga kuuliza maswali yote, kwa maana ileile, kwa kila mgonjwa. Fomu ilikuwa inafundisha.

Basi ibuni fomu kwa nia hiyo. Uliza kinachoonekana kabla ya kinachofasiriwa. "Je, mtoto ana shida ya kupumua?" ni tafsiri, na kila mtu ataijibu kwa kipimo chake. "Sehemu ya chini ya kifua inaingia ndani mtoto anapovuta pumzi?" ni kitu cha kutazama, na mwanagenzi akiwa na picha anaweza kukijibu. Bingwa ruhusu aandike tafsiri yake pia, lakini katika nafasi yake, isichanganywe na alichokiona.

Kwa kuhesabu pumzi, weka saa ya dakika nzima ndani ya programu: mhudumu anagusa skrini kila pumzi, na namba inajijaza. Bingwa aliyekwisha hesabu aruhusiwe kuandika 44 moja kwa moja. Njia zote mbili zinaishia kwenye kisanduku kimoja, ila programu itunze namba ilivyopatikana, kwa sababu mtu wa zamu inayofuata atataka kujua.

"Hapana" na "sijui" ni majibu mawili tofauti, na "sijatazama" ni la tatu. Fomu yenye "ndiyo" na "hapana" pekee humsukuma mgeni kuandika "hapana" asipokuwa na uhakika, maana anaona haya kukwama mbele ya mama wa mtoto. Mpe "sijui" yenye heshima: akiibofya, programu imwambie afanye nini ili ajue, au ieleze jibu litakuwaje kama hawezi kujua.

Umri ni mtego wa aina yake. Mtoto anayepumua mara 44 akiwa na miezi 11 yuko chini ya kiwango. Akiwa na miezi 12, amevuka. Mlezi akisema "ana kama mwaka", programu isimlazimishe mhudumu kutunga tarehe ya kuzaliwa. Ipokee makisio, kisha iseme wazi: "Jibu linategemea umri. Kama hajatimiza miezi 12, kupumua mara 44 ni kawaida. Tafuta kadi yake, au mtibu kama mwenye miezi 12." Sentensi hiyo moja inamhudumia kila mtumiaji: mgeni anajua la kufanya, na bingwa anajua kwamba pendekezo linaning'inia kwenye uzi gani. Ukitaka kufanya jambo moja tu kutoka katika mwongozo huu, fanya hili: kila pendekezo litaje taarifa ambayo ikibadilika kidogo, nalo linageuka.

Na onyesha chanzo cha kila taarifa. Katika ajali ya kinu cha nyuklia cha Three Mile Island mwaka 1979, taa kwenye meza ya udhibiti ilionyesha kuwa amri ya kufunga vali imetumwa. Waendeshaji wakaamini vali imefungwa, kumbe ilikuwa wazi na maji ya kupoza kinu yanavuja. Joto lililopimwa na kipimajoto, joto lililotajwa na mama, na joto la jana lililonakiliwa kutoka faili la zamani yasionekane sawa kwenye skrini.

Hatua ya 5: Toa sababu zinazomfikia kila mtu

MYCIN, programu iliyojengwa na Edward Shortliffe na wenzake Chuo Kikuu cha Stanford katika miaka ya 1970 kuwashauri madaktari kuhusu maambukizi ya bakteria, ilikuwa na jambo zuri ambalo programu nyingi za leo hazina. Ikikuuliza swali, ungeweza kuiuliza kwa nini inataka kujua, nayo ingekuonyesha kanuni inayoishughulikia na inakokusudia kufika.

William Clancey alipojaribu kutumia kanuni hizo kuwafundishia wanafunzi wa udaktari, alikumbana na tatizo ambalo kila mbuni anapaswa kulifahamu. Kanuni moja ilisema mgonjwa aliye chini ya miaka 8 asipewe tetrasaiklini. Basi, imeishia hapo. Kwamba dawa hiyo hubadilisha rangi ya meno yanayoendelea kukua hakukuandikwa popote ndani ya mfumo, kwani walioandika kanuni walikuwa wanalijua. Daktari mzoefu aliisoma akajazia mwenyewe. Mwanafunzi aliikariri, na siku ambayo maambukizi ni ya kutishia maisha na hakuna dawa nyingine, hana la kupimia kama meno ya madoa ni bei inayostahili kulipwa.

Kwa hiyo kila kanuni iandikiwe mambo mawili: inasema nini, na kwa nini ipo. La kwanza ni kwa ajili ya kutenda haraka, na la pili ni kwa siku kanuni inapogongana na hali halisi. Aandike mtaalamu wa fani, asomewe mwanagenzi, na asiyeelewa asirekebishwe yeye, irekebishwe sentensi.

Ikiwa kiini chako ni modeli ya akili unde isiyo na kanuni zinazosomeka, usimtungie mtumiaji sababu za kupendeza. Mpe kesi zinazofanana za nyuma na matokeo yake, taja taarifa zilizolisukuma jibu, na aina za wagonjwa ambao modeli haikufunzwa nao. Hilo la mwisho mabingwa ndio huliulizia kwanza.

Hatua ya 6: Sema shaka kwa namba zinazohesabika

Asilimia huwapotosha hata waliobobea. Gerd Gigerenzer na Ulrich Hoffrage walionyesha mwaka 1995 kwamba watu hufikiri vizuri zaidi wakipewa hesabu ya vichwa. Chukua ugonjwa unaowapata watu 10 kati ya 1,000, kipimo kinachowanasa wagonjwa 8 kati ya 10, na kinachowatia shakani bure watu 95 kati ya 990 wazima. Ukisema "kipimo hunasa asilimia 80", msikilizaji ataona kwamba yeyote ambaye kipimo kimemwonyesha kuwa mgonjwa karibu hakika ni mgonjwa. Ukisema "kati ya watu 1,000, watu 103 wataonyeshwa na kipimo kuwa wagonjwa, na 8 kati yao ndio wagonjwa kweli", picha inageuka. Andika hivyo kwa wote. Bingwa anayetaka asilimia ataipata tabaka la chini, na hakuna aliyewahi kulalamika kwamba ameelewa upesi mno.

Hatua ya 7: Tahadhari chache, zenye la kufanya

Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2006 kuhusu tahadhari za dawa hospitalini yalikuta madaktari wakizipita asilimia 49 hadi 96 ya tahadhari hizo. Kitu kinachopuuzwa kwa kiwango hicho si usalama tena. Mashine ya mionzi ya Therac-25, iliyowazidishia wagonjwa sita mionzi kati ya 1985 na 1987, ilikuwa ikitoa neno la hitilafu na namba isiyoeleweka, mara nyingi kiasi kwamba waendeshaji walizoea kubonyeza kitufe cha kuendelea.

Weka ngazi tatu. Ya kuzuia kazi ni kwa hatari ya kifo au madhara ya kudumu tu. Ya pili inaonekana kando ya kazi bila kuizuia. Ya tatu inasubiri kuulizwa. Kila tahadhari iseme kilichoonekana, kitakachotokea na cha kufanya sasa, na kitufe cha kufanya hivyo kiwe hapohapo. Tahadhari za mafunzo, kwa mfano kumbusho la kuuliza kama mtoto anaweza kunyonya, mtumiaji aweze kuzizima akishazoea. Zile za kuzuia asiweze kuzizima mtu yeyote, hata bingwa, kwa sababu usingizi wa saa tisa usiku haubagui vyeo.

Jambo linaloambatana na hili: ushauri uje wenyewe, wakati na mahali uamuzi unapofanyika. Mapitio ya majaribio 70 ya mifumo ya kitabibu, yaliyochapishwa na Kensaku Kawamoto na wenzake mwaka 2005, yalikuta hiyo kuwa moja ya sifa zilizoitofautisha mifumo iliyofanikiwa na iliyoshindwa. Programu inayongoja kutafutwa hutafutwa na wale wasioihitaji sana.

Hatua ya 8: Fungua mlango wa kukataa

Mtu lazima aweze kusema "hapana" kwa pendekezo, na iwe rahisi. Akikataa, muulize sababu kwa mguso mmoja: nimeona dalili ambayo fomu haiulizi, taarifa iliyojazwa si sahihi, mgonjwa hakubali, dawa haipo, nyingine. Nafasi ya kuandika iwepo, isiwe ya lazima. Ukiilazimisha utapata herufi "x" tatu na nukta.

Kwa mwanagenzi, kukataa pendekezo la rufaa ya haraka kunaweza kuhitaji jina la mwandamizi aliyeshauriana naye. Kwa bingwa, jina lake linatosha. Hii ni mojawapo ya sehemu chache ambapo cheo kinaingia halali, kwa sababu kinachopimwa ni mamlaka. Uyaweke masharti hayo wazi kwenye skrini, yasiwe mshangao.

Kukubali nako kuna hatari zake. Raja Parasuraman na Victor Riley waliandika mwaka 1997 kuhusu pande mbili za tatizo: kuitegemea mashine kupita kiasi na kuitupa bila sababu. Usidhani ya kwanza ni ya wageni na ya pili ni ya mabingwa. Mgeni aliyepewa jibu la ajabu mara moja huikimbia programu kabisa, na bingwa aliyechoka huikubali bila kusoma. Sheria ya Akili Unde ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2024, Kifungu cha 14, inataka wanaosimamia mifumo yenye hatari kubwa wawezeshwe kuutambua mwelekeo huo wa kuiamini mashine kupita kiasi. Kwa maamuzi mazito, mfanye mtumiaji aandike hukumu yake kwanza, ndipo pendekezo lifunguke. Inaongeza sekunde chache. Usiiweke kwa maamuzi madogo, utachukiwa.

Hatua ya 9: Jaribu kwa kesi ambazo programu inakosea

Majaribio mengi huuliza kama watu wameipenda. Unachotaka kujua ni kama wameamua vizuri zaidi, na hasa kama wameamua vibaya zaidi mahali fulani. Andaa kesi kumi za karatasi: tano rahisi, tatu ngumu, na mbili ambazo umeifanya programu itoe pendekezo baya kwa makusudi, kwa mfano kwa kujaza umri usio sahihi. Wape watu wachache kutoka kila mstari wa lile jedwali la hatua ya 2. Kila mmoja aamue kwanza bila pendekezo, kisha aone pendekezo na kuamua tena. Mwishoni waambie wote kuhusu zile kesi mbili. Ni haki yao, na maelezo watakayokupa baada ya hapo ni dhahabu.

Kisha hesabu mihamo minne kwa kila kundi: waliokuwa sahihi wakabaki sahihi, waliokosea wakarekebishwa, waliokosea wakabaki hivyo, na waliokuwa sahihi wakapotoshwa. Mhamo wa nne ndio wa kutazama. Wanagenzi wengi wakipotoshwa, ukweli uliotumika hauonekani vya kutosha au hawajui cha kuutilia shaka. Mabingwa wakikosea na wasirekebishwe, pendekezo linawafikia wakiwa wamekwisha amua, au limeandikwa kwa sauti ya mwalimu. Wastani wa makundi yote utakuficha haya, hivyo usiuweke hata kwenye ripoti.

Fanya jaribio la kwanza kwa karatasi na kalamu kabla ya kuandika mstari wowote wa msimbo wa programu. Kukata karatasi na kuichora upya ni dakika tano. Usimwombe bingwa azungumze kila anachofikiri wakati anaamua, kwa sababu humvuruga. Mwache amalize, kisha pitia naye uamuzi wake hatua kwa hatua.

Hatua ya 10: Baada ya kuizindua

Soma sababu za kukataa kila mwezi, ukizigawa kwa kanuni, si kwa mtu. Kanuni inayokataliwa na mabingwa na kufuatwa na wanagenzi huenda imepitwa na wakati. Inayokataliwa na wanagenzi na kufuatwa na mabingwa huenda imeandikwa vibaya. Takwimu hizo zikitumiwa hata mara moja kumwadhibu mtu, watu wataacha kukataa, nawe utabaki na mfumo unaoonekana umekamilika.

Lisanne Bainbridge aliandika mwaka 1983 kwamba mashine inapochukua kazi rahisi humwachia mtu zile ngumu, na wakati huohuo humnyima mazoezi ya kuziweza. Kwa hiyo panga vipindi ambavyo pendekezo linafunguka baada ya uamuzi kuhifadhiwa, kwa kesi zisizo za dharura, ili mwanagenzi wa leo apate kuwa bingwa na bingwa asichakae.

Mwisho, kila kanuni iwe na mwenyewe, tarehe ya kuandikwa na tarehe ya kupitiwa tena, na zote tatu zionekane katika tabaka la chini la skrini. Tarehe ya kupitiwa ikipita bila mtu kugusa kanuni, pendekezo liendelee kutolewa likiwa na alama kwamba halijapitiwa, na ujumbe uende kwa mwenye kanuni, si kwa mhudumu aliye na mtoto mbele yake.